Maneno Matatu Kwenye Kifuniko

3 Machi

Binti yangu mpendwa,

Mama yako ameishtaki serikali. Karani wa masjala ya Mahakama Kuu amegonga muhuri kwenye karatasi zake leo saa nne na dakika kumi, akasema, "Mama, kesi yako imepokelewa, sasa nenda nyumbani ukapumzike." Mama yako akamjibu, "Nimepumzishwa miezi tisa, mwanangu. Nimechoka kupumzika."

Sasa salamu. Hujambo? Kifua chako na baridi ya huko vinaelewana? Sisi hatujambo. Goti langu la kushoto ni lile lile. Mama yako ni mzima, anakula, na ananigombeza kwa kipimo cha kawaida.

Najua umerudi kuusoma mstari wa kwanza. Nilikatazwa kukueleza. "Mtoto yuko mbali," alisema, "utamwongezea nini zaidi ya kukosa usingizi?" Kwa simu nisingeweza, maana nyumba ni ya vyumba viwili na mama yako husikia mpaka ninachokifikiri. Leo ameniruhusu, na sababu utaiona mwishoni. Nitakupa mambo kwa mpangilio. Miaka thelathini na moja ya gazeti haimtoki mtu kwa kustaafu.

Tarehe 9 Juni mwaka jana, saa nane mchana, mkaguzi wa dawa aliingia karakanani na askari wawili. Alinunua kopo moja la ile nta ya kung'arishia viatu na mikoba anayoipika mama yako. Akasoma kifuniko. Kimeandikwa, kama unavyojua, DAWA YA NGOZI. Akauliza, "Hii inatibu nini?"

Mama yako alikuwa ameinamia buti, uzi mdomoni. Akasema, "Mipasuko, ukavu na kupauka."

"Unapaka mara ngapi?"

"Asubuhi na jioni, kama ngozi yenyewe imechoka."

Mkaguzi akaandika yote hayo. Kisha akafunga karakana kwa kufuli, akabandika karatasi nyekundu mlangoni. Makopo sitini na matatu yalibaki ndani. Mama yako alishtakiwa kwa kutengeneza na kuuza dawa ya binadamu bila kibali. Alikaa kituoni saa tano, akatoka kwa dhamana, akarudi nyumbani akilalamika kwamba viatu vya askari wa zamu ni aibu kwa taifa zima.

Upande wa mashtaka ulileta shahidi mmoja, mlinzi wa ghala la nafaka. Alisema alikuwa na visigino vilivyopasuka, akapaka dawa ile wiki mbili, akapona. Hakimu akataka kuona. Mlinzi akavua kiatu. Kisigino kilikuwa kimepona kweli, na kilikuwa cheusi, kinang'aa. Mama yako akauliza kutoka kizimbani, "Mheshimiwa, kwa hilo nishukuriwe au nifungwe?" Hakimu alimwonya, mdomo ameuficha nyuma ya faili.

Tarehe 20 Januari mwendesha mashtaka aliondoa mashtaka. Kuondoa si kushindwa. Anaweza kuyarudisha siku yoyote. Na karatasi nyekundu ilibaki pale pale, kwa kuwa kufunga na kushtaki ni kazi za ofisi mbili. Tulipokwenda kwa mkaguzi alitueleza, kwa adabu, kwamba ili karakana ifunguliwe mama yako alete cheti cha mfamasia.

"Mimi fundi viatu nilete cheti cha mfamasia," akasema mama yako. "Na mfamasia akitaka kufungua duka, mnamwambia alete sindano ya kushonea soli?"

Hapo ndipo tulipotafuta wakili. Anaomba mambo matatu: karakana ifunguliwe, mashtaka yale yasirudi tena, na serikali iandike barua kwamba mama yako hakuwahi kuuza dawa ya watu. Mawili ya kwanza ni ya wakili. La tatu ni la mama yako mwenyewe. Mtaani wameanza kumwita Daktari. Wengine wanatania, wengine hawatanii, na miaka ishirini na sita ya kushona haijawahi kumletea jina baya hata moja.

Sasa sababu ya barua. Wakili anataka kujua nani alichagua yale maneno ya kwenye kifuniko. Mama yako amemwambia kwamba miaka tisa iliyopita aliyekata ile chapa ya bati ya kupakia rangi maneno hayo ni wewe. Unaombwa uandike hati ya kiapo, uape mbele ya ofisa huko uliko, uitume. Mwisho wa kuipokea ni tarehe 14 Aprili. Kesi inasikilizwa tarehe 28.

Baba yako


19 Machi

Baba mpendwa,

Shikamoo. Na mama shikamoo yake, ingawa nimemkasirikia. Goti ulikande kwa maji ya moto na usilitaje tu kwenye barua. Mimi sijambo. Kifua kimetulia tangu niliponunua koti la pili.

Miezi tisa, baba. Kila barua mliniandikia mvua, goti, na paka wa jirani kuzaa. Mama yangu amepanda kizimbani, mimi naletewa habari za paka. Hasira hii nitaimaliza, lakini si leo.

Kazi inakwenda. Naandika milango ya hospitali mpya, milango mia mbili na kumi na minne, nimefika wa themanini. Wiki hii nilifika kitengo cha ngozi. Msimamizi wangu alinikuta juu ya ngazi nacheka peke yangu, akadhani ni harufu ya rangi. Huku ngozi ya mtu ina jina lake, na ngozi ya kiatu ina jina lake, wala hayafanani. Nikamweleza kwamba kwetu mtu na mkoba wanagawana neno moja. Akasema hiyo inaweza kuleta matatizo. Nikamwambia imeshaleta.

Mwambie mama nimeisoma ile ya sindano ya soli mara nne.

Kuhusu hati ya kiapo, nitaiandika. Nipeni siku chache, kazi ni nyingi. Halafu nina swali dogo. Ile karatasi ambayo mama aliniandikia maneno ya kifuniko, aliyonipa niikatie chapa, bado ipo?

Mwanao


16 Aprili

Binti yangu,

Wakili amesema jana kwamba mahakama imetuongezea muda. Hati yako sasa inasubiriwa mpaka tarehe 12 Mei, na kesi itasikilizwa tarehe 28 Mei. Jaji aliuliza sababu ya kuchelewa. Wakili akasema ni posta. Mimi nilikuwa nyuma yake na sikusema kitu, kwa kuwa posta ilileta barua yako ya Machi kwa siku kumi.

Hujambo lakini? Sisi hatujambo. Goti nalikanda, umetiiwa.

Mama yako anashonea kwenye baraza ya jirani yetu, fundi saa. Amepewa futi sita za ukuta na kiti kisicho na mgongo. Wateja wamemfuata, si wote. Wanaoleta viatu huuliza kama ameibeba na ile dawa, naye huwaambia dawa imelazwa, haijaruhusiwa kutoka. Fundi saa analalamika kwamba nyundo yake inamharibia saa. Mama yako anasema saa zilizoletwa pale zilikuwa zimeharibika tayari. Wanapatana sana.

Asubuhi moja nilimkuta amesimama mbele ya karakana, anasoma karatasi nyekundu. Jua limeifanya ya waridi. Nikamuuliza anasoma nini, naye anaijua kwa moyo. Akasema, "Naangalia kama wameandika jina langu sawasawa." Walikuwa wameliandika sawasawa.

Uliuliza kuhusu karatasi ya maneno. Anasema ipo, ndani ya kopo la misumari, kwenye rafu, nyuma ya kufuli la serikali. Kisha akaniuliza kwa nini unaiulizia. Nikasema sijui. Akavuta uzi, akaendelea kushona. Nakuandikia hilo kama lilivyotokea.

Sikuulizi kwa nini hati haijafika. Nauliza itafika lini.

Baba yako


27 Aprili

Baba,

Shikamoo. Natumai mko salama. Mimi mwili hauna neno.

Hati ya kiapo imo ndani ya bahasha hii, imepigwa muhuri. Kabla hujampa wakili, msomee mama. Nilitaka ayasikie kwako kabla ya kuyasikia kwa mtu aliyevaa joho.

Ile karatasi aliyonipa haikuandikwa DAWA YA NGOZI. Iliandikwa DAWA YA NGOZI ZA VIATU NA MIKOBA. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nimetoka tu kujifunza kukata herufi, na kifuniko kile kina upana wa vidole vinne. Nilijaribu mara tatu. Maneno yote yakiingia, yanakuwa kama sisimizi waliokanyagwa. Matatu ya kwanza peke yake yalikaa vizuri, yamenyooka, unayasoma ukiwa ng'ambo ya barabara. Nikakata manne ya mwisho nikayatupa. Nilipompelekea chapa, mama aliuliza, "Umeandika kama nilivyokuandikia?" Nikasema ndiyo. Akaiweka juu ya kopo la kwanza, akapaka rangi, akasema, "Safi," akarudi kwenye kazi yake.

Ndiyo maana nimekaa wiki sita. Niliandika hati nne. Ya kwanza ilisema sikumbuki. Ya pili ilisema mama alichagua mwenyewe, hiyo niliichana kabla wino haujakauka. Najua wakili wa serikali atafurahi: atasema kosa ni letu, kifuniko kilipotosha, mkaguzi alikuwa na haki ya kusoma alichokisoma. Lakini siwezi kuapa kinyume chake. Nimeandika yaliyotokea, na nimetaja kwamba karatasi yenye mwandiko wa mama ipo, na iko wapi.

Kama wakili ataona hati hii inaiua kesi, asiipeleke. Mama ataamua. Nimefika mlango wa mia moja na thelathini, na sasa kila neno nalipima na karatasi mara mbili kabla ya kupaka.

Mwanao


29 Mei

Binti yangu mpendwa,

Jaji alisema jana saa kumi jioni, akiwa ndani ya karakana ya mama yako, kwamba hukumu ataisoma Ijumaa tarehe 26 Juni. Alikuwa amesimama kati ya meza ya kukatia na rafu ya makopo. Nitakueleza alivyofika hapo.

Kwanza, hujambo? Sisi wazima, ila miguu inauma kwa kusimama.

Hati yako niliisoma kwa sauti, kama ulivyotaka. Mama yako alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Mpelekee wakili." Nikamuuliza kama hana la kusema. Akasema atalisema mahali pake.

Asubuhi wakili wetu alimhoji mkaguzi. Nayanakili kutoka kwenye daftari langu.

"Dawa ya mende inamtibu mende?"

"Hapana. Inamuua."

"Dawa ya mbu?"

"Hivyo hivyo."

"Kwa hiyo neno dawa peke yake halitoshi kufunga mlango wa mtu."

"Halitoshi. Lakini mama alisema inatibu mipasuko."

"Mipasuko ya nini?"

"Sikumuuliza."

"Kwa nini hukumuuliza?"

"Nilidhani najua."

Hayo ya mwisho nimeyapigia mstari. Si mtu mbaya. Alijibu ukweli na akaonekana mwepesi baada ya kuusema.

Kisha wakili wa serikali akasimama na hati yako. Aliisoma polepole, yale ya sisimizi akayasoma mara mbili. Akasema familia yenyewe imekiri kwamba maneno manne yaliondolewa, na kwamba mtengenezaji hakujua bidhaa yake imeandikwa nini. Ilikuwa hoja nzuri. Watu waliokaa mbele yangu waligeuka kumwangalia mama yako.

Jaji akamuuliza mwenyewe. "Mama, ulijua kwamba maneno manne hayapo?"

"Nilijua siku ile ile, mheshimiwa. Mimi nasoma."

"Na mtoto alipokuambia ameandika yote?"

"Nilimwona anaangalia ukuta. Nikasema moyoni, huyu amekata. Lakini herufi zilikuwa zimekaa vizuri, ningezikataa vipi? Na miaka yote hakuna aliyeingia kwa fundi viatu kutafuta tiba. Wa kwanza ni huyu ndugu yangu mkaguzi."

"Na mlinzi wa ghala," wakili wa serikali akamkumbusha.

"Yule alikosea mlango akapona kwa bahati yake. Sikumdai."

Jaji akauliza karatasi iko wapi. Akaambiwa: kwenye kopo la misumari, nyuma ya kufuli. Wakili wa serikali akasema hakuna uthibitisho kwamba karatasi hiyo ipo. Jaji akafunga faili. "Basi twende tukaangalie," akasema.

Tulikwenda kwa miguu, jaji, karani, mawakili wawili, mkaguzi na ufunguo wake, mama yako mbele kama mtu anayepeleka wageni. Kufuli lilikuwa limeshika kutu. Mkaguzi alihangaika nalo, mama yako akampa tone la mafuta ya cherehani kutoka kwa fundi saa. Ndani palikuwa na vumbi la mwaka na harufu ya ngozi. Buti alilokuwa analishona siku ile lilikuwa bado mezani, sindano imesimama kwenye soli.

Karani alimwaga kopo la misumari kwenye meza. Karatasi ilikuwa chini kabisa, imekunjwa mara nne, imeshika gundi kwenye pembe moja. Jaji akaisoma kwa sauti: "Dawa ya ngozi za viatu na mikoba. Uandike kwa herufi kubwa." Mwandiko ni wa mama yako, na tarehe aliyoiweka juu ni ya miaka tisa iliyopita. Imekuwa Kielelezo cha Nne. Wakili wetu aliniambia baadaye kwamba bila hati yako asingejua kuna karatasi ya kutafutwa. Alilitaka neno lako; neno lako likamletea la mama yako.

Wakati wa kutoka mama yako aliangalia viatu vya jaji. "Mheshimiwa, soli ya kulia haitamaliza mwezi."

"Unanishauri nini?"

"Sikushauri kitu. Karakana yangu imefungwa."

Jaji akaiandika tarehe ya hukumu. Mkaguzi akafunga kufuli tena, safari hii bila shida.

Baba yako


10 Juni

Baba mpendwa, shikamoo. Mama shikamoo. Kifua kizima, miguu mizima, milango imebaki thelathini na mmoja.

Nimesoma ile sehemu ya kuangalia ukuta nikiwa kwenye foleni ya chakula. Nilitoka kwenye foleni.

Miaka tisa nimebeba maneno manne, kumbe mwenzangu alikuwa ameyaona siku ya kwanza akaendelea na kazi yake. Mwambie mama angenisaidia kama angenigombeza. Au usimwambie, atanigombeza sasa.

Nimeomba likizo ya wiki tatu. Msimamizi amekubali ikiwa mlango wa mwisho utakauka kabla sijaondoka. Tiketi nimekata: nafika kwenu Jumapili tarehe 5 Julai mchana. Sikuchagua tarehe kwa hukumu. Mkishinda au mkishindwa, nakuja.

Mwanao


27 Juni

Binti yangu mpendwa,

Jaji alisema jana saa tano na robo kwamba mama yako si daktari. Alilisema kwa kurasa kumi na tisa, nimelipunguza.

Hujambo? Sisi hatujambo kabisa. Jana usingizi ulitushika saa mbili usiku, taa zinawaka.

Amri zenyewe ni hizi. Kufungwa kwa karakana hakukufuata sheria. Mashtaka yale hayatarudishwa kwa jambo lile lile. Ofisi ya ukaguzi iandike barua kwamba kilichomo kwenye kopo ni kitu cha kung'arishia ngozi za viatu na mikoba, nakala ibandikwe pale pale ilipokuwa karatasi nyekundu. Fidia itasikilizwa mwezi wa Septemba. Wakili atakwenda, mama yako amesema ataangalia kama ana nafasi. Upande wa serikali umesema haukati rufaa.

Jaji aliongeza jambo moja dhidi yetu: kopo lolote lisiuzwe tena mpaka kifuniko chake kitimize maneno yote saba. Mama yako alisema hiyo ni haki. Njiani akaanza kunung'unika kuhusu ukubwa wa kifuniko, na hajamaliza.

Barua ya ofisi imeshafika, imeletwa leo kwa mkono. Fundi saa ameisoma mara mbili kwa wapita njia. Ina jina la mama yako na mihuri miwili. Mama yako aliiangalia muda mrefu kisha akasema wamekosea herufi moja kwenye neno "mikoba". Nimempa kalamu akakataa. Anasema aliyekosea ataliona mwenyewe siku moja.

Mlinzi wa ghala alikuja jioni kumpongeza. Anataka kopo jingine. Ameambiwa aende hospitali.

Mkaguzi amepanga kufungua mlango Jumatatu tarehe 6 Julai, saa tatu asubuhi. Amesema atakuja na mafuta yake ya kufuli. Buti la mezani ni la askari mmoja wa wale wawili, limesubiri mwaka mzima, mama yako ataanza na hilo. Makopo sitini na matatu yako rafuni, na bati la chapa mpya nimelinunua leo asubuhi.

Barua hii naituma kwa posta ya haraka ikuwahi kabla hujasafiri: lete kile kisu chako kidogo cha kukatia herufi. Mama yako amekaa hapa ananiangalia ninavyoandika, ameniagiza nimalizie kwa maneno yake mwenyewe: "Mwambie kifuniko ni kile kile. Safari hii apunguze herufi, asipunguze maneno."

Jumatatu, basi, saa tatu kamili.

Baba yako